Mkimbiaji Aliyekawia Kufika



Ijumaa iliyopita mzazi mmoja wa upande wa Shanzu alinishika mkono nje ya msikiti akanieleza habari ya kijana wake. Kijana ana miaka 20. Tangu amalize kidato cha nne amekuwa akiokota mipira katika uwanja wa tenisi wa hoteli moja ya ufuoni, na mgeni akikosa mwenziwe wa kucheza naye, huitwa yeye. Imepatikana nafasi ya kusomea umeme katika chuo cha ufundi, naye haitaki. Asema atakuwa mchezaji wa kulipwa. Babake akimwambia kwamba wakati umempita, kijana humtajia majina ya watu waliokawia wakafika, mmoja baada ya mwingine, kama mtu asomaye nasaba. Mzee akaniuliza: "Maalim, watu hao wako kweli, ama ni maneno ya kwenye simu?"

Watu hao wako. Hapa kwetu Kenya alikuwako Paul Wekesa, aliyepanda polepole katika orodha ya wachezaji tenisi duniani mpaka akaigusa nafasi ya 100 mwaka 1995, baada ya miaka kadhaa ya kucheza kwa malipo. Yuko pia Ons Jabeur wa Tunisia, Muislamu mwenzetu. Alishinda taji la wasichana la Ufaransa mwaka 2011 akiwa na miaka 16, kila mtu akasema nyota imechomoza, kisha ikampasa kungoja miaka 10 kupata taji lake la kwanza katika mashindano makuu ya wanawake ya kulipwa. Alipocheza fainali ya Wimbledon mwaka 2022 alikuwa akikaribia miaka 28. Fainali ile alishindwa, na ya mwaka uliofuata akashindwa tena, na bado hakuna Mwarabu wala Muafrika wa kike katika zama hizi aliyependwa uwanjani kuliko yeye. (Kuhusu mavazi ya tenisi, msininukuu, hilo lina siku yake.)

Lakini leo sitakaa na wachezaji tenisi. Nataka kukaa na mkimbiaji, kwa sababu habari yake ya kukawia ndiyo iliyo wazi zaidi kuliko zote nizijuazo, na kwa sababu inapita karibu na mlango wetu. Jina lake maarufu ni Mo Farah.

Wenye umri wangu hapa Utange hawahitaji kufafanuliwa habari ya mtoto wa Kisomali aliyeikimbia vita. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwanzoni mwa mwaka 1991, watu walimiminika pwani yetu kwa mashua na kwa barabara, na kambi ya wakimbizi ikasimama hapahapa Utange. Katika kambi za Mombasa wakati ule walikuwamo Wabarawa, ambao Chimwini chao masikio yetu yalikifahamu nusu, na watu wa Mogadishu waliokuwa na maduka makubwa jana na leo wanapanga foleni ya unga. Kambi ilifungwa katikati ya miaka ya tisini, na watu wakatawanyika: wengine Dadaab na Kakuma, wengine kwao, wengine ng'ambo. Farah hakupita hapa. Yeye alizaliwa Machi 1983 upande wa kaskazini, Somaliland, na alifika Uingereza kwa njia ya Djibouti akiwa na miaka kama tisa. Lakini watoto waliokuwa wakicheza mpira wa matambara kwenye vumbi la kambi ile mwaka 1992 ni rika lake. Jinsi alivyofika Uingereza nitaieleza mbele, kwa kuwa hata yeye mwenyewe aliieleza dunia baadaye sana.

Basi tuanze na kukawia kwenyewe.

Mwaka 2001, akiwa na miaka 18, Farah alikuwa bingwa wa vijana wa Ulaya katika mbio za mita 5,000. Mtu akiwa bingwa wa vijana, jamaa huanza kuhesabu medali zijazo kama mkulima ahesabuye magunia mahindi yakiwa bado machanga. Medali hazikuja. Alikuwa hodari, akishinda mbio za hapa na pale, lakini wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia walipokuwa uwanjani yeye alikuwa mmoja wa wale wanaojaza mstari. Kijana wa Kisomali katika London, mcheshi, mpenda kandanda, mwenye kipaji na usiku mrefu wa michezo ya kompyuta na marafiki.

Mwaka 2005 alihamia nyumba moja huko Teddington, pembezoni mwa London, akakaa pamoja na wakimbiaji wa Kenya waliokuwa wakipiga kambi huko wakati wa mashindano ya Ulaya, miongoni mwao Micah Kogo. Hapo ndipo alipopata mshtuko. Aliwaona Wakenya wale wanalala mapema, wanaamka, wanakimbia, wanakula, wanalala tena mchana, wanakimbia tena, na zaidi ya hayo hawana jambo jingine. Hakukuwa na siri yoyote iliyofichwa kabatini. Yeye alidhani anafanya kazi hiyo hiyo, kumbe alikuwa akifanya nusu yake. Msomaji aliyepata kukaa chuoni na wanafunzi wa bweni wanaohifadhi Qur'ani atalifahamu hili upesi. Mwanafunzi wa kutwa huja na akili nzuri na sauti nzuri, akasoma vyema. Lakini yule wa bweni, ambaye siku yake yote imejengwa kuzunguka msahafu, humpita bila ya kelele.

Mwaka uliofuata matunda ya kwanza yalionekana. Alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 9, na huko Gothenburg akachukua medali ya fedha ya Ulaya, akikosa dhahabu kwa sehemu 9 za mia za sekunde. Muda huo wa dakika 13 na sekunde 9 tuuweke kando, tutauhitaji.

Kisha ikaja Beijing, mwaka 2008, Michezo ya Olimpiki yake ya kwanza. Alikuwa na miaka 25, umri ambao wengi huuona ndio wenyewe. Hakufika hata fainali. Alitolewa katika mbio za mchujo, akapanda jukwaani kuwatazama wenziwe. Katika fainali ile ambayo yeye hakuiingia, Eliud Kipchoge wetu alichukua medali ya fedha. Yakumbukeni majina mawili hayo pamoja, maana miaka minne baadaye mambo yaligeuka: mwaka 2012 Farah alisimama juu kabisa jijini London, na Kipchoge, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu ana miaka 18, hakupata hata nafasi katika timu ya Kenya. Aliyekuwa mbele akaonekana amekwisha. Naye Kipchoge akaingia mbio za masafa marefu za marathoni mwaka 2013, akavunja rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2018 akiwa na miaka 33, na akaivunja tena mwaka 2022 akiwa na 37. Wote wawili walihukumiwa mapema na watu, mmoja akiwa na miaka 25, mwingine akiwa na 27.

Baada ya Beijing Farah alipanda milimani. Alikuja kwetu Kenya, Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mtu wa pwani akipanda ngazi mbili hutafuta pa kukaa. Mwili unaokaa huko wiki nyingi hulazimika kutengeneza chembechembe nyekundu za damu zaidi ili uweze kubeba hewa hiyo chache. Akishuka chini, mwenye mwili huo hujikuta ana akiba. Wengi hudhani ni kwenda mara moja na kurudi na dawa. Sivyo. Akiba hiyo huisha baada ya wiki chache, na mkimbiaji hurudi tena, na tena, mwaka baada ya mwaka, mbali na mkewe na watoto. Mbio ndefu ni mchezo wa kulimbikiza, na miguu ya mtu wa miaka 28 ina maili ambazo ya mtu wa miaka 20 haijapata muda wa kuzitembea.

Mwaka 2010 mlango ukafunguka. Huko Barcelona alishinda mita 5,000 na 10,000 katika mashindano ya Ulaya, na mwezi uliofuata mjini Zurich akawa Muingereza wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 13. Mwanzoni mwa 2011 akahamia Marekani, jimbo la Oregon, kwa kocha mpya. Mwaka huo, katika Mashindano ya Dunia huko Daegu, Korea Kusini, alipitwa mwishoni kabisa mwa mita 10,000 na Ibrahim Jeilan wa Ethiopia, akapata fedha. Siku chache baadaye akachukua dhahabu ya mita 5,000. Alikuwa na miaka 28, na ilikuwa dhahabu yake ya kwanza ya dunia.

Tarehe 4 Agosti 2012 jijini London alishinda mita 10,000 za Olimpiki. Tarehe 11 akashinda mita 5,000. Na hapa ndipo ninapotaka tuutoe ule muda tuliouweka kando. Dhahabu ya mita 5,000 aliipata kwa dakika 13 na sekunde 41. Tazameni vyema. Miaka sita kabla, akiwa na miaka 23 na hana medali yoyote ya dunia, alikimbia umbali uleule kwa sekunde 32 upungufu wa hapo! Farah wa mwaka 2006, kwa saa peke yake, angemwacha Farah wa 2012 karibu nusu ya mzunguko wa uwanja nyuma.

Maana yake nini? Fainali ya Olimpiki si mbio za saa. Wakimbiaji huogopana, hakuna atakaye kuongoza na kuwakinga wenziwe upepo, wakaenda taratibu, wakikanyagana na kusukumana kwa viwiko, kisha wote wakafyatuka katika mizunguko miwili ya mwisho. Mzunguko wa mwisho wa mita 400 Farah aliukimbia kwa takriban sekunde 53, baada ya mita 4,600. Na zaidi ya kasi, alijua asimame wapi. Kila aliyetaka kumpita kwenye kona alimkuta ameshikilia mstari wa ndani, na ikamlazimu azunguke kwa nje, njia ndefu zaidi. Alipomkaribia, Farah aliongeza kidogo tu, si sana, akabakisha cha kuongeza tena. Nyuma yake walikuwamo Dejen Gebremeskel wa Ethiopia na Thomas Longosiwa wa Kenya, watu wenye kasi kubwa. Hawakushindwa na mapafu yake. Walishindwa na mtu aliyekwisha kupitwa mara nyingi mpaka akajua mtu hupitwaje. Kule Daegu, mwaka mmoja nyuma, Jeilan alimfunza somo hilo bila ya ada.

Michezo ile iliangukia mwezi wa Ramadhani, na mnakumbuka ubishi uliokuwako katika baraza zetu. Farah alisema hatafunga wakati wa mashindano, na kwamba atazilipa siku zake baadaye. Walioijua fiqhi na wasioijua wote walitoa fatwa, na wengine wakitoa huku wametafuna. Rai yangu ilikuwa, na bado ni hiyo, kwamba deni la saumu liko baina ya mja na Mola wake, nami sikuajiriwa kukagua daftari hilo. Nililoliona kwa macho yangu ni kwamba alipovuka mstari, mbele ya watu 80,000 wanaolia jina lake, aliliweka paji la uso wake chini.

Baada ya hapo alishika mbio hizo mbili kama mtu aliyeshika msumeno pande zote. Moscow mwaka 2013, zote mbili. Beijing mwaka 2015, zote mbili, na hapo mnisamehe nikae kidogo, kwa kuwa ilikuwa katika uwanja ule ule walikomtoa kwenye mchujo mwaka 2008. Miaka saba, kiwanja kile kile, mtu yule yule, na aliowaacha nyuma katika mita 10,000 walikuwa Geoffrey Kamworor na Paul Tanui wa Kenya waliokuwa wakipokezana kumchosha. Rio mwaka 2016, akiwa na miaka 33, aligongana mguu na mwenziwe katika mita 10,000 akaanguka chini, akainuka, akaangalia kundi limefika wapi, akalirudia bila ya pupa na akashinda. Kijana wa miaka 20 akianguka vile huruka na kufukuza kwa nguvu zote, na mizunguko mitatu baadaye hana kitu. Na London mwaka 2017, akiwa na miaka 34, alishinda mita 10,000 za dunia mbele ya Joshua Cheptegei wa Uganda, kwa dakika 26 na sekunde 49. Mwaka uliofuata alishinda marathoni ya Chicago, na mwaka 2020, akiwa na miaka 37, akaweka rekodi ya dunia ya kukimbia saa nzima: mita 21,330.

Liko na doa, na si uungwana kulipita kimya. Yule kocha wa Oregon, Alberto Salazar, alifungiwa miaka minne mwaka 2019 kwa makosa ya kanuni za dawa zilizokatazwa michezoni. Farah alikwisha kumwacha mwaka 2017, na hakuna kipimo kilichopata kumkuta na dawa hizo. Lakini alibaki naye miaka miwili baada ya tuhuma kutangazwa hadharani, na watu waliuliza kwa nini, na maswali hayo yana haki ya kuulizwa.

Sasa kwa mzee wa Shanzu. Jibu langu nililompa pale pale msikitini ni hili, na nalieleza hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake. Kijana wako anachanganya mambo mawili. Kukawia kufika si kukawia kuanza. Farah alikuwa akikimbia kwa utaratibu tangu ana miaka 12 au 13, na Jabeur alishika raketi akiwa mtoto mdogo. Miaka yao ya kungoja ilikuwa miaka ya kazi, na kila mwaka palikuwa na mtu wa kulipa: nauli, chakula, kocha, viatu. Tenisi katika hilo ni mbaya zaidi kuliko mbio, kwa sababu mchezaji asiye na jina hujilipia safari mwenyewe kwenda kutafuta pointi chache katika nchi za mbali, na akitolewa raundi ya kwanza hurudi na deni. Mtu anayeanza mashindano akiwa na miaka 20 hatafika huko, na anayemwambia atafika hamtakii mema. Lakini kijana anayeweza kurudisha mipira ya wageni kila siku ana kazi ndani ya mchezo huo: ukufunzi. Asome umeme asubuhi, jioni ashike raketi awafundishe watoto wa Shanzu na Utange wenye miaka saba na minane, ambao wao kweli hawajachelewa. Mzee alicheka akasema atamfikishia. Kama kijana amekubali au la, bado sijapata habari.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia, kwa kuwa halikumhusu yeye. Linatuhusu wengine.

Miaka yote hiyo dunia iliambiwa kwamba Mo Farah alikwenda Uingereza pamoja na jamaa zake kama mkimbizi. Julai 2022, katika filamu ya BBC, alisema mwenyewe kwamba haikuwa hivyo. Jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Babake aliuawa kwa risasi katika vita vya Somaliland yeye akiwa na miaka minne. Mamake alimpeleka Djibouti kwa jamaa ili asalimike, na kutoka huko mwanamke asiyemjua akampeleka London, kwa karatasi za mtoto mwingine aliyeitwa Mohamed Farah. Alikuwa na kikaratasi chenye anwani za jamaa zake. Mwanamke yule akakichana mbele yake akakitupa. Kuanzia hapo, mtoto wa miaka tisa akawa mtumishi katika nyumba ya watu: akisafisha, akipika, akiwaogesha na kuwalisha watoto wa wenye nyumba. Miaka ya mwanzo skuli hakupelekwa. Alipoingia darasani alikuwa na umri wa kama miaka 12, lugha haijui, na walimu wakaambiwa ni mkimbizi.

Kuna waliosema, tena kwa haraka, kwamba aliiba jina la mwenziwe na kuikana nasaba yake. Dini yetu yalitilia mkazo jambo la mtu kuitwa kwa babake, ni kweli. Lakini mtoto wa miaka tisa hachagui pasipoti. Yule Mohamed Farah wa kweli alipatikana, ni mtu mzima sasa, na wawili hao walizungumza kwa simu ya video bila ya kinyongo.

Basi tunapouliza kwa nini mtu huyu alikawia, tusitaje usiku wa michezo ya kompyuta peke yake. Alianza akiwa nyuma. Miaka ambayo wenziwe walikuwa wakijifunza kusoma na kucheza, yeye alikuwa akiosha sufuria za watu.

Na hapa, ndugu zangu, na hasa mama zetu wenye nyumba, nasema kwa sauti ya chini. Hakuna haja ya kwenda London kumtafuta mtoto huyo. Yuko Utange, yuko Bamburi, yuko Kisauni yote na ng'ambo ya Likoni. Ametolewa kijijini na mtu anayefahamika, wazazi wake wameahidiwa kwamba atasomeshwa, na majirani wanaambiwa "huyu twamlea kama mtoto wetu". Maneno hayo yana kipimo chepesi. Saa mbili asubuhi mtoto wako wa kuzaa yuko darasani. Je, yule mwingine yuko wapi? Kama yuko karoni anaosha vyombo, halelewi kama mtoto wako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima, na haikumbagua aliyelala chumba cha nyuma. Sheria mpya ya Watoto ilitiwa saini Julai 2022, mwezi uleule filamu ile ilipoonyeshwa, nayo inamkinga mtoto na kazi za kumdhulumu. Mwenye kujua nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, na akaona hawezi kusema na jirani yake ana kwa ana, iko simu ya bure ya watoto, namba 116. Na mwenye nyumba anayesema "lakini ameshavuka umri, ataona haya kukaa na wadogo", ajue kwamba Farah naye aliingia akiwa ameshavuka.

Aliyemwona alikuwa mwalimu wa michezo wa skuli ile ya Feltham, Alan Watkinson. Darasani mtoto alikuwa kama bubu mwenye ghasia. Uwanjani alikuwa mtu mwingine. Mwalimu akagundua kwamba lugha pekee ambayo mtoto huyu aizungumza ni ya miguu, akaanza nayo hapo. Baada ya muda mtoto akamwamini, akamwambia jina lake la kweli na mambo ya nyumba ile. Watkinson hakuishia kusikitika. Alikwenda kwa maofisa wa ustawi wa jamii, mtoto akaondolewa akapelekwa kwa familia nyingine ya Kisomali. Katika miaka ile mwanamke mmoja alimletea kanda ya sauti kutoka kwao. Ilikuwa sauti ya mamake, ambaye alikuwa hajui kama mwanawe yu hai.

Alipofika miaka 14 alichaguliwa kwenda kukimbia Latvia na akashindwa kwenda kwa kukosa karatasi za safari. Mwalimu akaanza kujaza fomu za uraia kwa niaba yake, kazi ya barua na ofisi ambayo haina makofi, na ambayo iliendelea kwa miaka. Uraia ulitoka Julai 2000. Mwaka uliofuata, mtoto yule aliyekosa safari ya Latvia alisafiri mpaka Grosseto, Italia, kwa pasipoti ya jina lisilo lake, akashinda mita 5,000 za vijana wa Ulaya.